Namba ya NIDA Si Sehemu ya Bei

Mkulima wa viazi anapokwenda kwa wakala wa pembejeo Njombe mjini kuchukua mbolea ya ruzuku, hutaja namba yake ya usajili, kwa kuwa bila hiyo hapati punguzo. Kazi ya taarifa hiyo inaonekana. Duka la simu za mkopo pale Makambako likitaka namba ya NIDA, picha ya uso na namba za ndugu wawili, uliza kila kimoja ni cha nini.

Kukujibu si hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazichukua kwa kazi gani na nani mwingine atazipata. Tena asichukue zaidi ya mahitaji ya kazi hiyo. Kitambulisho kwa mkopo, sawa. Lakini shemeji yako unayemwandikisha hajaulizwa, mpigie kwanza.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Usiiandike kwenye daftari lililo wazi kaunta, ambapo kila anayefuata anaisoma. Ukituma kitambulisho kwa WhatsApp ili steshenari wakutolee kopi, usiondoke kabla hawajakifuta kwenye simu na kompyuta. Na wakala wa laini akikubonyezesha kidole mara ya pili na ya tatu kwa madai kwamba mtandao unasumbua, shtuka: huenda laini nyingine inasajiliwa kwa jina lako. Piga *106# uhakiki laini zilizo chini ya kitambulisho chako.

Programu za mikopo zinahitaji ukali zaidi. Zikiomba kusoma majina yote ya kwenye simu yako, kataa, maana majina hayo ndiyo yatakayopigiwa simu za kukudhalilisha siku ukichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Maduka mengi pia hupenda kumpiga picha mteja akiwa na bidhaa mpya, kisha kumrusha mtandaoni. Una haki ya kukataa. Nchini Kenya, Septemba 2023, mgahawa wa Casa Vera wa Nairobi ulitozwa faini ya shilingi 1,850,000 za huko kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Ukiona taarifa zako zimetumika vibaya, mwandikie mwenye duka azifute, ubaki na nakala ya ujumbe huo. Asipotekeleza, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 3, 2024. Tume hupokea malalamiko kwa njia ya mtandao, kwa hiyo huna haja ya kupanda basi kwenda Dodoma. Ujumbe wa kitapeli ulioingia kwenye simu yako usiufute. Utume pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040.