Balehe ya Mapema: Damu ya Asubuhi Moja Yatosha?

Tuchukulie msichana wa miaka sita na nusu, mkazi wa Kilwa Kivinje, ambaye ameanza kuota matiti. Bibi yake asema amerithi kwa shangazi. Majirani wanauliza kama atachezwa unyago mwaka huu. Tabibu ana swali jingine: je, ubongo umekwisha kuianzisha balehe, au ni matiti peke yake, hali ambayo mara nyingi haina madhara?

Balehe huhesabiwa kuwa ya mapema ianzapo kabla ya miaka 8 kwa msichana na miaka 9 kwa mvulana. Ikiachwa iendelee, mifupa hukomaa upesi na mtoto aliyewapita wenzake kwa kimo huishia kuwa mfupi. Aidha, chanzo chaweza kuwa uvimbe ubongoni, hasa kwa mvulana.

Kipimo cha rejea ni kumchoma mtoto homoni ya GnRH, inayoiamsha tezi ya pituitari, kisha kuchota damu mara kadhaa. Homoni ya LH ikipanda kupita yuniti 5 kwa lita, kwa kawaida jibu limepatikana. Kwa mtoto wetu, hiyo yaweza kuwa safari ya takriban kilomita 300 hadi Dar es Salaam.

Ndiyo sababu hutafutwa viashiria vya kuchota damu mara moja tu. Huvumishwa kuwa havina usumbufu; mtoto aliyeona sindano hatakubali, ingawa sindano moja si tano. Kinachofaa zaidi hadi sasa ni LH ya asubuhi: ikizidi yuniti 0.3 kwa lita, kwa mashine yenye uwezo wa kupima viwango vidogo, balehe ya kutoka ubongoni yaelekea kuwapo. Ikiwa chini, haijaondoa shaka, kwa maana mwanzoni LH hupanda usiku, mtoto akiwa usingizini.

Kisspeptini, inayoiamsha balehe, na MKRN3, inayoizuia, zinachunguzwa. Mwaka 2013 hitilafu za jeni ya MKRN3 zilihusishwa na familia ambazo watoto wake hubalehe mapema. Hata hivyo, viwango vya wagonjwa na vya wazima huingiliana mno. Binafsi nisingeamua tiba kwa kuvitegemea.

Kwa hiyo damu isomwe pamoja na kimo kilichopimwa kila baada ya miezi michache na eksirei ya kiganja cha kushoto. Mtoto anayerefuka kwa kasi na mifupa yake imeutangulia umri apewe rufaa hata kama LH ni ndogo. Naye bibi aelezwe mapema kwamba mjukuu wake bado ni mtoto, na kwamba zipo sindano za kuisimamisha balehe hadi umri wake ufike.