Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Kiingereza Jioni

Wanafunzi wangu hapa Arusha ni watu wazima: madereva wa watalii, manesi, dada wa mapokezi hotelini. Mtoto wa shule humeza kanuni akanyamaza. Hawa huuliza, na maswali yao ndiyo yamenifunza kazi hii.

1. Kosa lina akili ndani yake.
Dereva aliwaambia wageni "The lion has slept", naye alitaka wamtazame simba aliyelala pale chini ya mgunga. Kwa Kiswahili angekuwa sahihi kabisa. Amelala, amesimama, amekaa, amevaa: -me- hapo inataja hali iliyopo sasa hivi, na Kiingereza huisema "is sleeping", "is standing", "is wearing". Lakini "amefika" ni "has arrived", hakuna ubishi. Kwa hiyo siku hizi sisemi kwamba -me- ni "has" halafu basi. Nachora safu mbili ubaoni, vitenzi vya hali huku na vya tendo lililokwisha kule, na darasa linazijaza lenyewe. Hubishana sana juu ya "amechoka", na ubishi huo unafundisha kuliko mimi.

2. Sikio kwanza, herufi baadaye.
Kwa nini "a university" lakini "an hour"? Kwa sababu ya kwanza huanza kwa sauti ya "yai", na h ya pili haitamkwi. Mbunge naye ni "an MP". Swali hili hunichukua dakika chache tu.

3. "Yes" inaweza kumponza mgonjwa.
Hili lililetwa na nesi. "Hujanywa dawa?" Mswahili hujibu "Ndiyo", yaani umesema kweli, sijanywa. Kiingereza hakijali swali limeulizwaje, hujibu jambo lenyewe: kama hujanywa, ni "No". Mgonjwa Mzungu na nesi Mswahili wanaweza kuachana pale kitandani kila mmoja ameelewa lake. Nawashauri wajibu kwa sentensi nzima, "No, I haven't". Wodini, bora zaidi muulizaji aache ukanushi, aulize tu "Have you taken your medicine?"

4. Uliza kanuni imetoka kwa nani.
Dada mmoja wa mapokezi alikuwa ameambiwa kazini kwamba sentensi ya Kiingereza haiishi kwa kihusishi. "Nani aliamua?" akaniuliza. Nalipenda sana swali hili. Tanzania tuna BAKITA tangu 1967, kwa hiyo tunadhani kila lugha ina baraza lake. Kiingereza hakina. Jonathan Swift aliomba mwaka 1712 kiundwe chombo cha kukisimamia, hakikuundwa, na watu binafsi wakaendelea kutoa hukumu zao. Habari ya kihusishi huhusishwa zaidi na mshairi John Dryden, aliyemkosoa Ben Jonson mwaka 1672. Kutenganisha "fewer" na "less" kuna mizizi kwa Robert Baker, 1770, na yeye aliandika kama maoni yake tu. Basi "Who are you talking to?" ni Kiingereza safi, mgeni aulizwe hivyo bila woga. Hata "they" kwa mtu mmoja, ambayo wengine huiona uzushi wa juzi, imeandikwa tangu karne ya 14; sisi tuliozoea "yeye" bila kuuliza mume au mke tungeipokea kwa mikono miwili. Kwa "colour" na "color", ya pili ilipata nguvu Marekani kupitia kamusi ya Noah Webster ya 1828. Chagua moja, usichanganye katika barua moja.

5. Maelezo mazuri nayo yana mwisho wake.
Kiambishi -ni kimetubeba mno: niko garini, naingia garini, natoka garini. Kitenzi ndicho kinachofafanua. Kiingereza husema "in the car" lakini "on the bus", na madereva hawakukubali kuambiwa wakariri. Nikawaeleza: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni au ndege, huchukua "on", unachojikunja kuingia na kukaa tu huchukua "in". Pikipiki ni "on" kwa sababu unakaa juu yake. Wakaridhika, mpaka mmoja akauliza kuhusu Land Cruiser za safari, zile za paa la kuinua, ambamo mgeni husimama akapiga picha mchana kutwa. Wenzake wakamjibu kabla yangu: wageni husema "in", hata wakiwa wamesimama.