Kiasi, Kiwango na Kikomo: Tatizo la Istilahi katika Kufasiri Takwimu za Maji na Hewa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza neno moja, kiwango, na utata linaousababisha katika ufasiri wa takwimu za mazingira. Katika taarifa nyingi za Kiswahili neno hili hubeba dhana mbili zinazopaswa kutengwa: kiasi cha kitu kilichopimwa, na mpaka uliowekwa na mamlaka ili kiasi hicho kisiuvuke. Sentensi "kiwango cha floraidi ni 1.5" yaweza kuwa tokeo la maabara, yaweza pia kuwa kanuni. Mtaalamu huokolewa na muktadha. Mwanakijiji anayeamua achote maji kisima gani hana muktadha huo.

2.0 Floraidi

Mfano ulio wazi ni maji ya maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, ambako floraidi hutoka katika miamba ya volkano. Ikizidi, huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wanaoinywa wakati meno hayo yangali yakiumbika. Ikizidi mno kwa miaka mingi, huathiri mifupa. Viwango vya muda vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini. Baadaye kikomo kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 kikafika 1.5, kama lipendekezavyo Shirika la Afya Duniani.

Tuchukue kisima chenye miligramu 3 kwa lita. Chini ya kanuni mbili za kwanza maji yake yalikubalika. Chini ya ile ya tatu hayakubaliki, ilhali kiasi cha floraidi ni kile kile. Kikomo cha 8 hakikuwa na maana kwamba chini yake hapakuwa na madhara. Kikomo kikali zaidi kingevikataa visima vingi mahali pasipokuwa na maji mengine. Kikomo, basi, ni mapatano baina ya afya na uwezo, na msomaji wa takwimu za zamani hana budi kuuliza ni kikomo cha mwaka gani kilichotumika.

Msemo uliozoeleka wa "maji safi na salama" nao wahitaji kutazamwa. Maji yenye floraidi hayana rangi wala harufu. Kwa macho ni safi kabisa, lakini si salama. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi hubaki. Wala si sahihi kusema yamechafuliwa. Uchafuzi, likiwa nomino itokanayo na kitenzi chafua, hudokeza mtendaji, na hapa hakuna kiwanda wala mtu wa kushtakiwa.

3.0 Hewa na suala la muda

Katika hewa utata huongezeka, kwa kuwa kila kipimo kina muda wake. Kwa chembechembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ni wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa saa 24. Mji unaopata 14 kila siku hauvuki kikomo cha siku hata mara moja; wastani wake wa mwaka, hata hivyo, ni karibu mara tatu ya kikomo cha mwaka. Gazeti liandikalo kwamba "kiwango ni 14" halijasema uongo, lakini halijamfahamisha msomaji lolote.

4.0 Pendekezo

Tunapendekeza kiasi litumike kwa kilichopimwa, kikomo kwa mpaka wa kisheria, na kiwango libaki kwa waraka wenye kanuni hizo, maana ambayo Shirika la Viwango Tanzania limekwisha kuizoesha. Lipo pingamizi la haki: kikomo laweza kumfanya msomaji adhani kwamba chini yake hakuna dhara, hali chembechembe hizi hazianzi kudhuru ghafla zifikapo 5. Ndiyo maana tokeo lafaa kuandikwa kwa ukamilifu wake: "kiasi 14, wastani wa saa 24, kikomo 15 (2021)."