Kufundisha Uhusiano wa Ghala la Wingu na Huduma Kuu ya Utambulisho

Utangulizi

Katika chuo kimoja tulichopata kufundisha, alama za mazoezi ya kufundisha za wanachuo zilitunzwa katika ghala la wingu, yaani hifadhi ya kompyuta iliyo mbali na chuo, ifikiwayo kwa njia ya intaneti. Ghala hilo lilikuwa na ufunguo mmoja tu wa kudumu. Ufunguo huo uliandikwa ndani ya programu ya kuingizia alama, na programu ikanakiliwa katika kompyuta ya kila mkufunzi. Wakufunzi walihama, wengine walistaafu, kompyuta zikabadilishwa, lakini ufunguo ulibaki ule ule. Siku moja alama za muhula mzima zilikutwa zimeandikwa upya. Kumbukumbu za ghala zilipofunguliwa zilionyesha jina moja tu: jina la ufunguo. Mwenzetu mmoja alishukiwa bure, nasi tuliojua uadilifu wake hatukuwa na ushahidi wa kumtetea.

Tangu hapo tumeona kuwa somo hili halipasi kuachiwa mafundi peke yao. Mwanachuo wa leo ndiye mwalimu wa kesho atakayetunza alama na habari za watoto wa watu. Nchini Kenya sheria ya kulinda taarifa za watu ilitungwa mwaka 2019, na nchini Tanzania mwaka 2022. Hivyo basi, wajibu huu si wa hiari. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mkufunzi njia ya kulifundisha somo hili kwa vipindi viwili vya dakika 40, hata pale ambapo kompyuta ni chache.

Madhumuni ya Somo

Mwishoni mwa somo mwanachuo aweze: kwanza, kutofautisha kutambuliwa na kuruhusiwa, pili, kueleza kwa mpangilio hatua zinazomwezesha mtumiaji kupata ufunguo wa muda, tatu, kueleza kinachotokea mtumiaji anapofutwa katika orodha, na nne, kupanga ruhusa za ghala dogo la shule.

Maarifa Yampasayo Mkufunzi

Ghala la vitu halifanani na kabati lenye folda ndani ya folda. Kila faili huhifadhiwa kama kitu kizima chenye jina lake, ndani ya chombo kiitwacho ndoo. Huduma ya Amazon S3, iliyofunguliwa Machi 2006, ndiyo iliyoueneza mtindo huu, na lugha yake ya maombi imeigwa na maghala mengine mengi, likiwamo Ceph, ambalo chuo kinaweza kuliendesha katika seva zake chenyewe bila kununua leseni.

Huduma kuu ya utambulisho ni ofisi moja inayotunza orodha ya watumiaji wote, ikawathibitisha kwa niaba ya huduma nyingine zote. Keycloak ni mfano wa programu za aina hiyo. Ili ofisi hiyo na huduma nyingine zielewane, kuna kanuni iitwayo OpenID Connect, iliyotangazwa rasmi Februari 2014.

Safari yenyewe ina hatua nne. Mtumiaji huingia katika huduma ya utambulisho kwa neno lake la siri, naye hupewa tokeni. Tokeni ni maandishi mafupi yenye sehemu tatu: kichwa, maelezo, na sahihi ya kidijitali. Katika maelezo hutajwa mtoaji, mhusika, mlengwa, na saa ya mwisho wa matumizi.

Pili, programu ya mtumiaji hupeleka tokeni hiyo kwenye dawati la funguo za muda la ghala, ikitaja wadhifa inaouomba, kwa mfano "mwingiza alama". Dawati hukagua sahihi kwa kutumia ufunguo wa hadharani ambao huduma ya utambulisho huutangaza. Hukagua pia kama mtoaji yumo katika orodha ya wanaoaminiwa, kama mlengwa ni sahihi, kama muda haujapita, na kama masharti ya wadhifa huo yanamkubali mhusika.

Tatu, dawati likiridhika hutoa vitu vitatu: jina la ufunguo, siri ya ufunguo, na tokeni ya kikao. Vyote vina saa ya kufa. Kwa upande wa Amazon muda huo huwa saa moja kama mwombaji hakutaja mwingine. Hauwezi kupungua dakika 15, wala hauzidi saa 12.

Nne, programu hutia sahihi kila ombi kwa ile siri, bila kuituma siri yenyewe. Ghala hukagua sahihi, kisha hutazama wadhifa huo umeruhusiwa nini. Kanuni ni nyepesi kukumbuka: lisiloruhusiwa limekatazwa, na lililokatazwa waziwazi haliokolewi na ruhusa yoyote.

Hatua za Somo

Hatua ya kwanza: kuanzia kwa lijulikanalo. Mkufunzi aulize, "Mgeni akifika benki kufungua akaunti, naye hajulikani pale, huombwa nini?" Wanachuo wetu hawakawii kutaja barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au ya kijiji. Ofisa wa benki hamfahamu mgeni, ila anauamini muhuri. Huo ndio uhusiano wa ghala na huduma ya utambulisho. Mkufunzi aongeze swali jingine: "Je, barua hiyo inampa mgeni fedha zilizomo benki?" Hapo darasa lenyewe litatamka kwamba kutambuliwa ni jambo moja, na kuruhusiwa ni jambo jingine.

Hatua ya pili: igizo. Darasa ligawanywe makundi manne: Ofisi ya Utambulisho, Dawati la Funguo, Mtunza Ghala, na Waombaji. Zana ni kadi, muhuri uliochongwa kwa kiazi, saa ya ukutani, na sanduku la kadibodi. Kila barua iwe na mistari minne: mtoaji, mhusika, mlengwa, na mwisho wa muda. Dawati likiridhika na barua, litoe kadi iliyoandikwa wadhifa na saa ya kufa. Mkufunzi atayarishe barua mbovu bila kuwaambia: moja iliyopitwa na wakati, moja iliyoandikiwa maktaba badala ya ghala, na moja yenye muhuri wa kuigiza. Dawati lisitosheke na kusema "hapana". Litaje mstari uliokosewa.

Hatua ya tatu: tukio la katikati. Igizo likiendelea, mkufunzi atangaze kwamba mwombaji mmoja, ambaye tayari ana kadi mkononi, ameachishwa kazi. Ofisi ya Utambulisho ifute jina lake. Kisha aulize, "Je, sasa hivi anaweza kulifungua sanduku?" Kila mara tulipofundisha somo hili, wengi walijibu kwamba hawezi. Mwombaji na ainuke, aende kwa Mtunza Ghala, aonyeshe kadi ambayo saa yake haijafika. Sanduku litafunguliwa. Mtunza Ghala hakukosea, kwani yeye hutazama kadi na saa tu, wala hakimbii kuuliza ofisini kila mara. Kwa mpangilio wa kawaida tokeni ya Keycloak huishi dakika 5 tu, lakini ufunguo uliopatikana kwayo waweza kuishi saa nzima. Hivyo, kumfuta mtu kunamzuia asipate ufunguo mpya. Ule wa zamani hufa kwa saa yake, isipokuwa msimamizi aongeze katazo la waziwazi ndani ya ghala. Ndiyo sababu muda wa funguo uwe mfupi kadiri kazi inavyoruhusu.

Hatua ya nne: mipaka ya mfano. Ni kosa kumwacha mwanachuo aamini kuwa mfano na kitu ni kimoja. Muhuri wa mpira waweza kugongwa juu ya karatasi yoyote. Sahihi ya kidijitali hufungamana na maneno yaliyotiwa sahihi, hata herufi moja ikibadilishwa sahihi hukataa. Tena kadi ya igizo huonyeshwa kwa Mtunza Ghala, ilhali siri ya ufunguo haionyeshwi kwa yeyote. Na barua ya tokeni aghalabu haikufichwa: yeyote aipataye aweza kuyasoma maelezo yake, kwa hiyo haifai kuandikwa humo jambo la siri.

Makosa Yanayotokea Mara kwa Mara

La kwanza ni kumwamini mtoaji bila kukagua mlengwa na mhusika. Msimamizi huandika tu kwamba anazipokea tokeni za mtoaji fulani, akasahau kwamba mtoaji huyo huwahudumia watu wengi. Hapo barua ya mtu wa maktaba hufungua ghala la alama.

La pili ni saa. Seva ambayo saa yake imepotoka hukataa barua nzuri au hupokea iliyokufa. Amazon S3 hulikataa ombi ambalo saa yake inapishana na ya ghala kwa zaidi ya dakika 15. Kabla ya kulaumu ufunguo, mwanachuo atazame saa.

La tatu ni kuubakiza ufunguo wa kudumu "kwa dharura" ndani ya programu baada ya kazi yote kukamilika. Huko ni kujenga lango jipya na kuliacha tundu la ua.

La nne ni kusahau kuwasha kumbukumbu. Dawati huweza kuandika tokeni ya nani ilibadilishwa kuwa ufunguo upi, lakini ghala lisiloagizwa kuweka kumbukumbu halitakuwa na la kusema siku ya kuulizwa.

Zoezi

1. Shule ina walimu wa masomo, mwalimu wa taaluma, na karani. Orodhesha nyadhifa tatu, na kwa kila mmoja taja kama anaruhusiwa kuorodhesha, kusoma, kuandika, au kufuta katika ndoo ya alama.

2. Mwalimu wa somo amenyimwa ruhusa ya kufuta, lakini ana ruhusa ya kuandika. Je, alama zilizokwisha kuingizwa ziko salama mbele yake?

Swali la pili lipewe muda wa kutosha. Wengi watasema ziko salama. Jibu ni kwamba haziko: kitu kipya kikiandikwa kwa jina la kitu cha zamani, hukaa mahali pake. Dawa yake ni kuliagiza ghala litunze matoleo yote ya kila kitu, na ruhusa ya kuyafuta matoleo ya zamani abaki nayo mtu mwingine.

Hitimisho

Alama zilizopotea katika chuo tulichokitaja mwanzoni hazikufutwa. Ziliandikwa juu yake, na kila mwenye programu ile alikuwa na uwezo huo. Kama kila mkufunzi angeingia kwa jina lake, akapewa ufunguo wa muda kwa wadhifa wake, na kama matoleo ya zamani yangetunzwa, alama zingerudishwa siku ile ile, naye mwenzetu angesafishwa jina kwa kusoma kumbukumbu. Tunawaomba wakufunzi wenzetu walijaribu somo hili madarasani, na wasiliharakishe pale kwenye tukio la katikati. Mwanachuo aliyekiona kile kisanduku kikifunguliwa na mtu aliyekwisha kufutwa hataweka tena ufunguo wa kudumu mahali pa ule wa muda.