Umri wa Baiskeli ya Kale ya Italia: Namna ya Kuupima Ushahidi

Kila chombo kilichotengenezwa kwa mkono wa binadamu hubeba alama za wakati wake. Katika somo hili tutachunguza baiskeli za mashindano ya barabarani zilizotengenezwa Italia tangu miaka ya 1960 hadi ya 1980. Baiskeli hizo hutafutwa sana na wakusanyaji, na jina kama Bianchi, iliyoanzishwa Milan mwaka 1885, au Colnago, iliyoanza mwaka 1954, hupandisha bei. Kwa sababu hiyo fremu isiyo na asili hupakwa rangi mpya na kubandikwa jina kubwa. Je, mnunuzi auamini ushahidi gani?

Kanuni ya kwanza ni hii: kitu kilicho rahisi kubadilishwa hutoa ushahidi dhaifu. Rangi na vibandiko, kwa hiyo, viwe vya mwisho kusikilizwa. Tuanze na chuma chenyewe.

1. Fremu
Pima bomba fupi la chini ambamo ekseli ya pedali huzunguka. Kwa kawaida ya Italia, upana wake ni milimita 70, kipenyo cha hesi ni milimita 36, na vikombe vyote viwili hukazwa kwa kuzungushwa kufuata mwendo wa saa. Kwa kawaida ya Uingereza upana ni milimita 68, na kikombe cha kulia hukazwa kinyume cha saa. Hata hivyo, hesi za Italia zilitumiwa na mafundi wa nchi nyingine pia. Kwa hiyo kipimo hiki pekee si hati ya kuzaliwa.

Kisha pima nafasi ya fremu inayopokea gurudumu la nyuma. Milimita 120 aghalabu huonyesha fremu ya gia tano za nyuma. 126, gia sita au saba. 130, gia nane au zaidi, ambazo ni za baadaye.

2. Vipuri
Baiskeli nyingi za aina hii zilifungwa vipuri vya Campagnolo, kampuni iliyoanzishwa Vicenza mwaka 1933. Kibadilisha gia chake cha Nuovo Record, cha aluminiamu, kilitokea mwaka 1967. Vingi vya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 vimeandikwa neno «Patent» likifuatwa na tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 78.

Geuza pia mkono wa pedali uutazame upande wa nyuma. Tarakimu iliyo ndani ya umbo la uru, kama lile la karata, ni ya mwaka 1973 hadi 1979. Ndani ya duara, ni ya 1980 hadi 1984. Ndani ya mraba, ni ya mwaka 1985 na kuendelea kidogo. Hivyo 4 ndani ya uru ni 1974, bali 4 ndani ya duara ni 1984.

3. Kuunganisha ushahidi
Kanuni ya pili: tarehe ya kipuri huthibitisha tu kwamba baiskeli haikuunganishwa jinsi ilivyo sasa kabla ya mwaka huo. Tuseme fremu ina nafasi ya milimita 120, mikono ya pedali ina 4 ndani ya uru, na kibadilisha gia kimeandikwa 78. Mwenye haraka atasema 1978. Lakini fremu na mikono vinapatana katika 1974. Yaelekea kibadilisha gia kilivunjika kikabadilishwa. Mashahidi wawili wanaopatana wana uzito kuliko mmoja anayewapinga.

Mwisho, usisugue kutu wala kupaka rangi kabla ya kuandika kila alama uliyoiona. Alama ikishafutwa hairudi.

Zoezi: Mikono ya pedali ina 1 ndani ya duara, na kibadilisha gia kimeandikwa 72. Baiskeli haikuunganishwa hivyo kabla ya mwaka gani? (Jibu: 1981.)