Mtoto wa Sinema Aliyeitangaza Kansa Yake



Akina mama wengi wanaoona uvimbe katika titi hunyamaza. Hunyamaza kwa aibu, kwa kuogopa kisu cha daktari, kwa kuogopa mume atasema nini, na wengine kwa sababu uvimbe wenyewe hauumi. Mwezi huu tumeona tuwaletee habari za mwanamke mmoja wa Marekani ambaye hakunyamaza, tena wakati ambapo hata huko kwao neno kansa ya titi lilikuwa halitajwi hadharani.

Jina lake ni Shirley Temple. Alizaliwa Santa Monica, California, tarehe 23 Aprili 1928. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki. Alikuwa hajafikisha miaka minne alipoanza kuchezeshwa filamu fupi. Mwaka 1934 filamu ya Bright Eyes ilimpa sifa kubwa, na mapema mwaka 1935 akapewa tuzo maalum ya Oscar ya watoto. Tangu 1935 hadi 1938 hakuna mcheza sinema yeyote, awe mtoto au mtu mzima, aliyejaza majumba ya sinema ya Marekani kumpita yeye. Ilikuwa miaka ya shida kubwa ya uchumi, watu hawana kazi, nao walikwenda kumtazama mtoto huyu akiimba na kucheza ili wasahau njaa kwa saa moja mbili.

Tusidhani yote yalikuwa asali. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1988 alieleza kwamba katika zile filamu za mwanzo, mtoto aliyesumbua alifungiwa katika kisanduku cheusi chenye bonge la barafu la kukalia. Walimpunguzia hata umri: siku aliyodhani anatimiza miaka 12 aliambiwa kumbe ni 13. Fedha alizochuma zilizidi dola milioni tatu, lakini alipokuwa mtu mzima alikuta zimebaki dola 44,000 tu. Sisi tunaona ni fundisho kwa wazazi wanaofurahia mtoto mwenye kipaji, ila hilo si la leo.

Aliolewa akiwa na miaka 17, ndoa hiyo ikavunjika. Mwaka 1950 aliolewa na Charles Black, akaacha sinema, akalea watoto watatu. Kaka yake mmoja alipatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaolemaza viungo polepole, na kwa sababu hiyo akawa miongoni mwa waanzilishi wa shirikisho la kimataifa la kupambana na ugonjwa huo. Kwa hiyo mambo ya hospitali hayakuwa mageni kwake.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 44, alipapasa uvimbe katika titi lake la kushoto.

Ili kuelewa alichofanya, lazima tujue desturi ya waganga wa wakati huo. Mwanamke aliyekuwa na uvimbe alilazwa, akapewa dawa ya usingizi, wakachukua kipande cha nyama na kukipima hapo hapo. Kikionekana kina kansa, daktari aliendelea kukata titi zima, mara nyingi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, na mama akizinduka ndipo anajua kama bado ana titi au hana. Bibi Black alikataa utaratibu huo. Alisema kwanza apimwe, aamke, aambiwe ukweli, kisha yeye mwenyewe ashauriane na daktari kuhusu upasuaji. Ikaonekana ni kansa. Mwezi Novemba titi likakatwa, lakini misuli ya kifua ikaachwa.

Halafu, akiwa bado hospitalini, akawaita waandishi wa habari akawaeleza wazi. Februari 1973 akaandika makala katika gazeti la akina mama la McCall's, akiwahimiza wenzake wasikae nyumbani na hofu yao. Maelfu ya barua yakamjia. Mwaka 1974 mke wa Rais Ford naye akaitangaza kansa yake ya titi, na wanawake wengi wakaenda kupimwa. Utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba wagonjwa wengi hawakuhitaji ule upasuaji mkubwa wa zamani, na kwamba uvimbe mdogo waweza kutolewa peke yake, titi likabaki, kisha mgonjwa akapigwa mionzi.

Tafadhali mtazame neno hilo: uvimbe mdogo. Hapo ndipo penye shida yetu. Mama anayefika hospitali titi likiwa limeshachimbika kidonda, na uvimbe umeshaingia kwapani, daktari anabaki na njia chache. Yule aliyefika mapema ana matumaini makubwa ya kupona.

Basi tunaangalia nini? Uvimbe au kigimba kisichokuwapo zamani, hata kama hakiumi. Ngozi ya titi iliyobonyea, au iliyokuwa kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani ghafla, au inayotoa damu. Kivimbe kwapani. Titi moja kubadilika umbo bila sababu. Mama, lijue titi lako lilivyo siku zote, upate kutambua likibadilika. Kabla ya hedhi matiti huwa na vigimba kwa wengi, basi likague siku chache baada ya hedhi. Kigimba kikiwa bado kipo, nenda zahanati. Anayenyonyesha naye asiambiwe tu kwamba ni maziwa yameganda. Akitibiwa na uvimbe usiishe, arudi apimwe zaidi.

Vigimba vingi si kansa, lakini huwezi kujua kwa kuvipapasa tu. Inabidi kichukuliwe kinyama kidogo na kutazamwa kwa hadubini. Wapo wanaosema sindano hiyo ndiyo inayosambaza kansa, si kweli. Si kweli pia kwamba kansa hii inaletwa na kuweka fedha kifuani, wala haiambukizi kwa kula au kulala pamoja. Wanaokwenda kuchanjwa chale na kubandikwa majani wanapoteza miezi ambayo hairudi. Hapa Tanzania matibabu yapo Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, na zahanati ya parokia inaweza kuwaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Akina baba, nanyi mnayo matiti, na wachache kati yenu huugua kansa hii. Zaidi ya hapo, mkeo akikuambia ameona kitu, usimwambie asubiri mavuno. Msindikize. Charles Black alikuwa pamoja na mkewe, naye mkewe hakuona haya kusema kwamba msaada huo ulimtia nguvu.

Baada ya upasuaji mama huyu hakukaa pembeni. Mwaka 1974 alipelekwa kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana, akakaa hadi 1976, na kuanzia 1989 hadi 1992 akawa balozi nchini Chekoslovakia. Alifariki tarehe 10 Februari 2014 akiwa na miaka 85, miaka 41 tangu akatwe titi. Kansa ile siyo iliyomuua. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, maana alivuta sigara karibu maisha yake yote, akijificha ili waliompenda tangu utotoni wasimwige. Habari ya sigara na mapafu tutaizungumza katika toleo lijalo.