Koti la sufu na uzi wa kitani

Mdogo wangu fundi wa Nairobi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kicheko. Koti la sufu, kazi ya siku nne, mteja analipeleka mlangoni penye mwanga, anachungulia kola, anauliza umetia nini ndani. Nawe kwa fahari: “Kitani safi, mzee.” Koti likabaki mezani kwako. Unauliza kama amekudharau. Wala!

Huyo ni Myahudi anayeshika Torati, nayo, katika Walawi 19 na Kumbukumbu 22, inakataza kuvaa sufu na kitani pamoja. Wao huita shaatnezi. Ni hivyo viwili tu: sufu ya kondoo na kitani. Pamba na kitani ruksa, pamba na sufu ruksa, hariri tia utakavyo. Sababu haikutajwa, na wenyewe wameitafuta karne nyingi. Josephus, mwanahistoria wa karne ya 1, alisema mchanganyiko huo waliachiwa makuhani. Maimonides, karne ya 12, akasema ndio waliouvaa makuhani wa sanamu, basi Waisraeli wasifanane nao.

Wewe shughulika na kola. Kile kitambaa kigumu kinachoisimamisha ndicho huficha kitani, na hata kifungo kikishonwa kwa uzi wa kitani kwenye koti la sufu, tayari ni shaatnezi. Ndiyo maana Brooklyn na Yerusalemu kuna watu ambao kazi yao ni kufumua suti za dukani kidogo na kutazama nyuzi kwa hadubini. Kwa hiyo fumua, tia pamba, mpigie simu. Lakini usimwambie umebadilisha kumbe hujagusa, maana mafundi tunajuana, hasa siku ya kukabidhi nguo! Mshono mbaya angekusamehe. Uongo huo ni kumvisha alichokatazwa na Mungu wake, tena bila yeye kujua.

Kuna kitu kitakufurahisha. Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa karibu mwaka 200, inamkumbuka fundi: Myahudi anayeshona nguo ya namna hiyo aendelee na kazi yake kama kawaida, mradi asikusudie kujikinga nayo jua wala mvua. Wachaji zaidi huilaza chini wakishona, isiwakae mapajani. Mtu aliyeandika hayo alishawahi kukaa kwenye kibanda cha fundi, mimi naamini hivyo.

Umeuliza pia kama nywele za mke wa mteja wako ni wigi. Huenda. Wanawake wao washika dini hufunika nywele wakishaolewa, wengine kwa kitambaa, wengine kwa wigi. Mwaka 2004 baadhi yao walichoma wigi zao hadharani, baada ya marabi kuamua kwamba nywele zilizonyolewa katika hekalu la Wahindu huko India hazifai. Ila mdogo wangu, ulikuwa unapima koti la mume. Kichwa cha mke umekifikiaje?